Themanini Nukta Nne

Chipu imefika kwa basi la usiku, ndani ya bahasha ya kaki,
imechomekwa kwenye sponji nyeusi.
Nimeilaza juu ya ganda la korosho nijue ukubwa wake:
ganda limeshinda.

Newala upepo unapanda kutoka Shimo la Mungu
na kupekua michoro yangu ya miguu ya chipu,
nikaigandamiza kwa jiwe la mizani la mjomba,
kilo mbili, jiwe lililostaafu pamoja naye.

Waya nne. Mwekundu huleta umeme, mweusi huurudisha.
Wa kijani na mweupe ndio wenye maneno.
Nikichomeka, kompyuta haipokei mgeni hivi hivi:
Nani? Wa ukoo gani? Nani aliyekutengeneza?
Unakula umeme kiasi gani?
Chipu inajibu yote bila kukohoa,
tofauti na mchumba wa dada yangu Somoe.

Nilianza na Paskali, kwa kuwa ndiyo aliyotufundisha
mwalimu Chilindima kwa kitabu kisicho na jalada.
Ikanitazama tu.
Java ikaja na masanduku yake, mtu hahamii, anatembelea tu,
mashine yangu ikahema, feni ikalia.
Paithoni niliiandikia mistari sita,
na mizani ikanena kwa mara ya kwanza:

tatu, thelathini na sita
tatu, thelathini na sita

Gunia lilikuwa la mama. Amesimama kando yake
kama anayesubiri majibu ya hospitali.
Nikazisoma namba kinyumenyume, ya nyuma mbele:
kilo mia tisa ishirini na moja na ushei.
Mama akacheka mpaka khanga ikamvuka.
"Nilipeni hivyohivyo," akasema, "mashine haina ndugu."

Nikageuza. Tatu mara mia mbili hamsini na sita,
jumlisha thelathini na sita, gawa kwa kumi.
Themanini nukta nne.

Lakini kisanduku cha ghalani hakiijui Paithoni.
Kina kumbukumbu ya mlevi. Kinataka Si,
lugha kavu, haina pole wala karibu.
Nikakesha. Hesabu ileile, gawa kwa kumi,
na asubuhi kioo kikasema:
themanini.

Kamili. Si ikigawa nzima kwa nzima
makombo huyatupa, na haikuambii.

Karani Mtipa akainamia kioo, akaridhika.
"Hapo sasa. Iache hivyo, inapendeza daftarini.
Hata mjomba wako, Mungu amrehemu, alipima hivi."

Mama hakucheka.
Alihesabu kwa vidole, kisha vidole vikamwishia:
magunia kumi na mawili, kila msimu,
tangu Somoe yuko mgongoni.
"Na hizo nukta," akauliza, "zilikuwa zinakwenda wapi?"
Mtipa akakumbuka ana simu ya kupiga.

Nikarudi kwenye mstari. Baada ya kumi
nikaongeza nukta, nikaongeza sifuri.
Alama mbili tu, hata mchwa angezibeba.
Themanini nukta nne.
Mama akakunja risiti mara tatu, akaitia kifuani,
akaenda zake bila kuniaga.

Usiku, jenereta la jirani limezimwa,
nilibaki mimi na mizani na chipu ikimetameta.
Sijui nilitaka nini. Nililichukua jiwe la mjomba
juu ya karatasi, nikalipandisha.
Sikufungua Si, sikufungua Paithoni.
Nilitazama namba zikitoka mbichi:

sifuri, ishirini na tatu
sifuri, ishirini na tatu

Kilo mbili zake.
Sikuhitaji lugha yoyote ya kunitafsiria.

Nikalirudisha mezani.
Mama sijamwambia.
Upepo ungali unapanda,
na karatasi zangu zahitaji kitu kizito.