Hesabu ya Alhamisi

Daftari la kwanza limeliwa na mchwa hadi Rajabu.
Kilichobaki ni mwandiko wa babu, wino wa buluu:
"Watoto arubaini, senti kumi kumi.
Wawili wameleta mayai."
Mayai nayo akayatia kwenye safu ya fedha.

Siku hizo chuo kilikuwa na minazi ya wakfu, thelathini na sita,
kule nyuma ya Matondoni.
Nazi ziliuzwa mara nne kwa mwaka,
zikanunua makuti, mafuta ya taa, misahafu,
na mara moja joho la mwalimu.
Kurasa zile hazina wino mwekundu.

Kisha baba. Mwandiko unainama.
Minazi ishirini na miwili. Minazi tisa.
"Mmoja umeuzwa kwa dharura." Dharura gani, hakusema.
Duka la wakfu pale Langoni lina mpangaji
anayelipa kodi ile ile ya mwaka aliokabidhiwa ufunguo;
ukimkumbusha, anakutilia kahawa.

Sasa daftari ni langu.
Ada ni shilingi hamsini kwa wiki.
Mwana Esha, muuza mahamri, analipia watatu,
wawili kati yao si wake.
Bwana Twalibu wa kamati aliahidi saruji mbele ya watu
hata tukaitikia amina. Nimeiandika kwa penseli.

Safu ya mwisho ni mshahara wa Mwalimu Bwanaheri.
Mwezi baada ya mwezi: nusu. Nusu. Atangoja.
Nusu. Atangoja.
Miaka kumi na tisa alingoja,
mfuko wa kanzu una kiraka.

Alipokufa, kabla ya arubaini, nilikaa kutwa nikijumlisha.
Nikajumlisha tena, maana kalamu huteleza.
Laki nne, elfu themanini na mia tatu.
Hakuna tajiri wa ng'ambo, hakuna mbunge
aliyewahi kutuchangia nusu yake.

Nikaenda kwa mjane wake, daftari kwapani,
maneno nimeyapanga njia nzima.
Bi Mwanakombo alikuwa akichagua mchele.
Hakuinua uso. "Hizo nazijua," akasema.
"Hiyo nusu nyingine ndiyo tuliyokuwa hatuli.
Lakini usiandike sadaka. Nani alituuliza?
Andika deni. Waache wasome."

Nimeliandika kwa wino, ukurasa wa mbele, chini ya bismillahi.
Alhamisi hii watoto ishirini na saba,
waliolipa kumi na mmoja.
Mmoja kaleta ndimu nne.
Sijui nizitie safu gani.