Safu ya Mwisho ya Fomu

Kisongo, saa kumi na mbili na robo.
Mlima Meru umejifunika hadi kidevuni
kama mtoto asiyetaka shule.
Mimi nimeshavaa kizibao changu cha manjano,
nimevua pete ya ndoa, nimeitia mfuko wa ndani
pamoja na funguo za nyumba ya Ngaramtoni,
ninatembea nimeinama, macho chini,
nikiokota.

Leo nimepata kizibo cha soda,
kokoto tatu, skrubu isiyo na mwenyewe
na ganda la karanga.
Tluway, kijana mgeni, anacheka:
"Dada Aikande, ndege inaogopa karanga?"
Namwambia ndege haiogopi kitu.
Ndiyo shida yake.

Saa tatu inaingia ya kutoka Seronera.
Nyuma ya mstari mwekundu tunasubiri,
viziba-masikio vimetubana hadi tunasikia damu zetu.
Nainua mikono, naivuta kwangu polepole,
polepole, njoo mama, njoo,
kisha naikutanisha juu ya kichwa: hapo.

Rubani anazima. Lakini kuzima si kusimama.
Rafadha ikienda kasi haionekani;
unaona upande wa pili, unaona mlima,
unaona hewa tupu inayokukaribisha.
"Hesabu mapanga yake," alinifundisha mzee Loishiye.
"Moja, mbili, tatu. Ukiyaona yote, yametulia, nenda.
Usipoyaona, wewe ni mti."
Alihesabia mkono wa kushoto,
na hesabu ikaishia palepale vidole vyake vilipoishia.
Sikumuuliza. Hakuna aliyemuuliza.

Sasa nimwambie Tluway au nisimwambie?

Ilikuwa Julai, msimu wa wageni,
ndege tano uwanjani na mkubwa wetu anatazama saa
kana kwamba saa imemtukana.
Nilisukuma kabari ya mbele.
Ya nyuma nikasema nitarudi.
Nilikwenda kumshika bibi mmoja mwenye kofia pana
aliyetaka kupiga picha chini ya bawa,
na upepo wa Monduli ukashuka, ule wa ghafla,
unaobeba vumbi na harufu ya mbuzi.

Ndege ilirudi nyuma.
Si mbali. Urefu wa kiatu changu, namba thelathini na nane.
Ikasita. Ikatulia yenyewe.
Na nyuma ya gurudumu, amechuchumaa,
Anaeli wa mizigo alikuwa akifunga kamba ya buti,
fundo la kwanza, fundo la pili,
mgongo wake umeigeukia ndege.

Alinyanyuka, akajipangusa magoti,
akaniuliza parachichi Ngaramtoni zinauzwaje siku hizi.
Nikamwambia bei.
Sikumwambia lingine.

Jioni ile fomu ilikuwa mezani kama kawaida:
tarehe, namba ya ndege, muda wa kuegesha,
na safu ya mwisho, nyembamba: TUKIO.
Niliandika *hakuna*.
Kwa herufi nzuri. Mwalimu wangu wa Kibosho angenisifu.

Kazi yangu, ukiitazama vizuri, ni kutengeneza hakuna.
Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyejua.
Abiria wanashuka wakiuliza choo kiko wapi,
na hilo ndilo shukrani, wala silalamiki.
Ila kuna hakuna niliyoitengeneza kwa mikono
na kuna moja niliyopewa bure, na bado nadaiwa.

Nimemwambia Tluway.
Nilimwonyesha kwa viganja viwili: hivi, si zaidi.
Hakucheka. Alitazama buti zake, kamba zake,
akaondoka bila kutumwa,
akazunguka bawa kwa mbali, njia ndefu, njia yenyewe,
na nikasikia kisigino chake kikigonga kabari ya nyuma.
Ko.
Akagonga tena. Ko.

Jioni nimechukua fomu ya leo.
Tukio: hakuna.
Kalamu haikuinuka.
Chini yake, pembeni, mahali pasipo na mstari,
nimeanza kuandika tarehe moja ya Julai,
na jina la Anaeli,
na namba ya kiatu.