Uzito wa Saa Nane Mchana

Miaka kumi na moja nilihesabu mizigo.
Mzigo wa paa, mzigo wa upepo,
mzigo wa lori la tumbaku likivuka kalavati
barabara ya Sikonge, mvua zikiaga,
dereva kazidisha na anajua kazidisha.
Wakasema, Injinia Kalunde, zege lako haliongopi.
Kweli. Mchemraba tuliuponda siku ya ishirini na nane,
ukagoma kupasuka hadi mashine ikaguna.

Wodi ya wazazi niliisimamia mimi.
Nondo nilizihesabu moja moja, kwa kidole,
ringi nikazipima, fundi Lusuna akinuna:
"Mama huyu atatuhesabia hadi jasho."
Ramani ilikuja imechorwa, imegongwa muhuri.
Sikuuliza aliyeichora alikaa wapi,
dirishani kwake aliona nini.
Kazi yangu ilikuwa isianguke.
Haikuanguka.

Oktoba nikarudi kukagua nyufa.
Nikamkuta nesi Mwasiti anasukuma kitanda:
kitanda, mama kitandani,
mtoto wa siku mbili juu ya mama,
magurudumu yakilia kwenye sakafu niliyoisifia mwenyewe.
"Unawapeleka wapi?"
"Kivulini. Ikifika saa nane jua linaingia humu,
linalala kama mgonjwa. Jioni nawarudisha."
"Kila siku?"
"Injinia, tangu mlipokata utepe."

Nikafungua daftari la kasoro.
Nyufa: hakuna.
Kutitia: hakuna.
Chini yake karatasi tupu ikanitazama.
Daftari langu halikuwa na safu ya jua.

Usiku ule, Isevya, umeme umekatika,
niliandika barua ya kuacha kazi kwa tochi ya simu.
Mistari minne. Nikafuta mmoja, ule wa sababu.
Kaka yangu Nkwabi akashika kiuno:
"Watu wanauza ng'ombe mtoto awe injinia,
wewe unauza uinjinia ukachore picha?"
Baba, mstaafu wa reli, alizima redio,
akaiwasha tena,
akauliza tu mafao wanalipa lini.

Sasa nina miaka thelathini na sita, mwaka wa kwanza,
naitwa anti na watoto
waliozaliwa mimi nikiwa kidato cha tatu.
Wanakata kadi za manila kama wanamenya chungwa;
mimi nimekata kadi, nimekata meza, nimekata kidole.
Mwalimu akasema, chora mstari bila rula.
Mkono uliotia sahihi madaraja ukatetemeka,
mstari ukatoka kama njia ya mbuzi.
"Afadhali huu," akasema. "Huu umekwenda mahali."

Likizo nimerudi Tabora na kazi ya darasani:
chora jiko unalolijua.
Nimekaa Kanyenye na futikamba, penseli,
na mama anayechambua mchele.
Saa tatu kigoda kipo mlangoni.
Saa sita kimebanana na ukuta wa jirani.
Saa tisa kipo nyuma ya tangi,
na mama juu yake, ungo magotini,
hata hajui kama amehama.
Miaka yote nilidhani mama ana kigoda kimoja.
Anavyo vitano, vyote ni kile kile.
Nimevichora vyote.

"Unachora kigoda?"
"Nachora unakokimbilia."
Akacheka, akapepeta, pumba zikaelekea upande mmoja;
nikauchora na upepo.
Kisha akaikodolea karatasi, mdomo kaupinda:
"Na mvua je? Maji yangu yatapita wapi?"

Hapo injinia akakohoa ndani yangu,
akaingia bila hodi, akaninyang'anya penseli:
mteremko, mama, moja kwa hamsini,
kuelekea kwenye mipapai.
Mkono haukutetemeka.

Nilipoinua macho nimwoneshe,
kigoda kilikuwa kimeshahama.