Kisanduku cha Tisa

Fomu ya shule ya Al-Khoudh ina kurasa sita.
Jina la mtoto: Azzan bin Mundhir.
Chanjo, anwani, kundi la damu,
picha mbili, nyuma peupe:
yote nimejaza kwa mkono mmoja, chai kwa mwingine.
Kisha kisanduku cha tisa.
Je, mtoto ana ugumu wowote wa kujifunza?
Ndiyo. Hapana.
Chai ikapoa hapo.

Mundhir anasema, tia hapana.
Viti ni kumi na viwili, watoto mia tatu;
nani humfungulia mlango
apigaye hodi huku akitaja kilema chake?
Aingie kwanza, watamjua humo humo ndani.
Si mtu mbaya. Anaogopa kama mimi,
ila hofu yake imevaa kanzu iliyopigwa pasi.

Mama mkwe, kutoka chumba cha pili:
huyu hana kitu, lugha zimemsonga,
Kiswahili cha nyumbani, Kiarabu cha uwanjani, Kiingereza cha mwalimu.
Hata babu yake, aliporudi kutoka Unguja,
alichelewa kusoma, na akaja kuwa mkubwa wa forodha.
Kila ukoo una babu wa namna hiyo,
hutolewa kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Lakini mimi ndiye nikaaye naye saa ya kazi za shule.
Nimeziona nukta zikimtoroka:
ba ikaachwa na nukta yake ya chini,
nukta ikapanda juu, ikawa nuni,
na bab, mlango,
ukasomeka nab, jino la mnyama.
Nimemwona akifuta mpaka karatasi ikatoboka,
kisha akalifunika tundu kwa kiganja
nisilione.

Ripoti ya mtaalamu imo kwenye droo, chini ya vitambaa vya meza,
kurasa kumi na moja, riyali mia na themanini.
Haisemi kwamba kule Ibra, siku ya Idi,
aliwaambia wajomba zake zamu yetu ya maji ya falaji
imepunjwa robo saa, kwa kutazama kivuli tu.
Wakapima. Kweli.
Lakini hilo silileti kama rushwa.
Mtoto asiye na kipaji cha ajabu
naye anahitaji kiti.

Akaja jikoni kutafuta maji,
akaona kalamu imesimama.
"Hapo pameandikwaje?"
Ningeweza kumdanganya.
Ndiyo hatari ya kumsomea asiyesoma:
neno lote liko mdomoni mwako.
Nikamsomea, polepole, kama apendavyo.

Akafikiri, akijikuna goti.
"Ukitia hapana,
nikiwa darasani nitamwomba nani anisomee?"
Kisha, "Ndiyo ni ipi?"
Nikamwonyesha.
Akachora alama ya vema,
mkia wake ukaelekea kushoto,
kama vema iliyomo kwenye kioo.

Sikuifuta.

Asubuhi, foleni ya Mabela, kiyoyozi cha gari kikihema,
bahasha mapajani mwangu,
Mundhir anaendesha, hasemi.
Kwenye mzunguko wa pili akapunguza mwendo.
"Ripoti umeichukua?"
"Kurasa zote."
Akawasha taa, akakata kulia.