Mabaki ya Saruji Mbichi

Kaseti kumi na tisa ndani ya boksi la mvinyo.
Tatu zimeliwa na joto, moja imeliwa na mbuzi.
Kweli, mbuzi. Veyula, mwaka wa njaa.
Lameck anazisafisha kwa kompyuta, chumba kimoja, Makole,
magodoro yamegongomelewa ukutani kuzuia kelele za mtaa.
Kijana mwadilifu. Kila penye mkwaruzo anasimamisha,
ananigeukia: "Mzee, hii nifute?"

Hiyo ni treni. Acha.
Ukumbi wa reli, Agosti, tisini na moja.
Treni ya Kigoma imechelewa saa tisa nzima
inaingia katikati ya ubeti wa pili,
na Sechelela, mikono ileile aliyofundwa na mama yake
ngoma ikiwa imebanwa mapajani,
anauacha mdundo wetu, anafuata wa magurudumu.
Wimbo haukurudi ulikotoka.
Hatukuwahi kuupiga hivyo tena, tulijaribu.

"Na huu uvumi?"
Upepo. Ni Dodoma, mwanangu, ulitaka nini?
Maikrofoni tuliivisha soksi,
na vumbi likapita soksini.

Walituita panki, nasi sote vipara.
Neno lile tulilijua kwa vinyozi tu.
Tulikuwa na nyuzi tatu, hasira,
na kaseti moja aliyoisahau mchimba visima mgeni:
gitaa linakwangua kama mwiko kwenye ukoko,
besi imetangulia mbele kama mwenye nyumba.
Tukatazamana. Kumbe inaruhusiwa.
Jina tulilisoma mifukoni. Mji mkuu ulikuwa unajengwa,
unajengwa,
unajengwa,
nasi tulifanya mazoezi ghorofa ya pili isiyo na ngazi,
katikati ya mifuko iliyoganda ikisubiri bajeti.
Saruji Mbichi: kanyaga leo, unyayo ubaki.

Wimbo wa nne umerekodiwa juu ya mahubiri.
Kila tunapovuta pumzi, mchungaji anasema "ndipo".
Lameck anacheka mpaka anavua miwani.
Huyo naye mwache. Jaladani andika:
sauti ya ziada, jina halijulikani.

Kisha Kibaigwa, uwanja wa gulio, usiku wa mavuno.
"Hapa hakuna kasoro," anasema. "Safi kuliko zote."
Ni mimi.
Kati ya nyimbo mbili, mbele ya wauza mahindi mia mbili:
"Mtuwie radhi, mpiga gitaa wetu leo amekunywa mshahara wake."
Watu wanacheka. Kicheko kipana, hakina hata punje ya mchanga.

Chedego hakuwa amekunywa. Alikuwa na homa.
Nilijua. Nilimgusa shingo tukipakua spika.

Miaka thelathini nimeomba kaseti hiyo iliwe na mbuzi.

Jumanne alikuja binti yake, Mbeleje, muuguzi, Mpwapwa.
Hakuuliza malipo. Aliuliza kama baba yake
anazungumza mahali popote.
"Gitaa nalijua. Sauti yake ndiyo imenitoka."
Kaseti kumi na tisa, na Chedego hakuimba,
hakutangaza, hakuhesabu hata moja, mbili, tatu.

Ila hapo.
Kicheko kinapungua. Waya unachomolewa, pwa!
Halafu, mbali na maikrofoni, mtu anasema taratibu,
kama anayeuliza saa:
"Ufunguo wa baiskeli anao nani?"

"Mzee, huo mlio wa waya..."
Acha.
"Na jenereta?"
Acha, acha.
"Na mimi?" nikamuuliza.
Lameck akatazama mawimbi yake ya kijani,
akasogeza kitu kidogo, akakirudisha.
"Wewe unasikika vizuri."

Basi iwe ya mwisho upande wa pili.
Usiizime mapema. Ukiongeza sauti, ukaziba sikio moja,
kuna mnyororo mkavu unaozunguka kuelekea barabara kuu,
na watu wa Kibaigwa wanaanza kudai wimbo.