Uwanja wa Kuzama

Mchoro wa kwanza niliuchana mwenyewe.
Ulikuwa na vioo, na paa kama bawa la kozi,
viti elfu kumi na mbili, na geti moja la waheshimiwa.
Sikudhani, muuza mihogo wa Kigogo, aliutazama,
akafuta chumvi mkononi, akauliza:
"Na Jumanne, mwanangu? Jumanne hapa pana nini?"

Sikuwa na Jumanne.
Nilikuwa na fainali tu.

Nikarudi na futi kamba na daftari.
Nikakaa bondeni juma zima nikihesabu:
wanaokatiza kwenda gengeni, watoto wa chandimu
na magoli yao ya matofali, kinamama wa jogingi ya alfajiri,
khanga kiunoni, kucheka kwingi kuliko kukimbia.
Nikamuuliza Pazi, mfyeka nyasi, masika maji hufika wapi.
Hakusema. Alinionyesha alama ya tope
kwenye ukuta wa choo, juu ya kichwa changu.

Basi nikaanza kuchora kutoka kwenye tope.

Jukwaa nililigeuza, lilipe mgongo jua la saa kumi.
Chini ya ngazi nikatoboa milango kumi na minne:
kinyozi, cherehani, kliniki ya mama na mtoto,
chumba cha wanafunzi wasio na taa nyumbani.
Paa nalo likapewa kazi: kila tone lishuke tangini,
na bomba litokeze nje, upande wa mtaa.
Bolti nikachagua zile anazouza fundi wa Mburahati,
maana cha kuagiza ng'ambo kikivunjika
hungojewa mpaka kisahaulike.
Ukuta sikujenga. Mhasibu aliniita kichaa, mara mbili.

Na kiwanja nikakishusha mita mbili, kiwe bakuli.

Mwaka wa pili, Aprili, mto ulipanda usiku,
ukaingia uwanjani bila tiketi.
Asubuhi ulionekana mtambaa panya peke yake.
Watu wakapiga picha, wakacheka:
"Mhandisi katujengea bwawa!"
Nilisimama ngazi ya saba, magoti yananicheza,
macho yangu hayako uwanjani, yako ng'ambo ya barabara,
kwenye kizingiti cha Sikudhani.
Kikavu.

Siku ya nne maji yakaenda zake kwa mfereji.
Pazi alichota tope kwa koleo, akalinusa,
akalirudisha kwenye nyasi kama mtu anayerudisha chenji.
Watoto hawakungoja pakauke.
Ilikuwa Jumanne.

Bomba la nje linavuja kidogo.
Kesho nitapita Mburahati.