Gwasa, Mfasiri wa Kibirizi

Banda lilikuwa la mabati na maturubai ya msaada,
nyuma ya mizani ya dagaa, Kibirizi.
Kiingilio shilingi hamsini, au kopo la dagaa wakavu
kwa sisi tuliodokoa vichanjani mwa mama zetu.
Jenereta likikohoa, televisheni ikapata rangi,
na Gwasa, juu ya kreti ya soda,
akafunga leso kwenye maikrofoni, akapuliza mara mbili:
"Kaeni chini. Mwenye kichwa kikubwa akae nyuma."

Ilikuwa katuni ya baharia.
Diski ilikuja na treni, ikalala Tabora siku tatu
kwa sababu reli ililiwa na mvua,
ikafika na mkwaruzo mmoja mrefu kama njia ya konokono.
Baharia alikuwa na ndevu za kuchora, meno yote,
na merikebu iliyopinda mgongo kama paka.
Akatia nanga kisiwani, akawasha moto apike;
kisiwa kikafumbua jicho.

"Huyu," alisema Gwasa, "ni singa.
Singa aliyekuwepo kabla ziwa halijapata maji.
Alilala matopeni akisubiri,
mvua ya kwanza ikamkuta keshazeeka."
Tukaamini. Nani kati yetu hajaona singa
akivutwa ufukweni, masharubu yakitafuta mtu wa kumlaumu?

Kisha akaibuka yule mwanamke wa moshi,
nywele zikitembea peke yake,
sauti ya kizungu iliyojaa asali.
Gwasa akashusha maikrofoni, akaiinua tena:
"Mwakeye, nahodha. Nimefuata deni langu."

Deni gani? Akatuambia: baba yake baharia
alikopa upepo, akaenda nao Kalemie, hakuurudisha.
Upepo wa mkopo huzaa. Sasa umekuwa dhoruba saba
na mtoto ndiye wa kulipa.
Minani, ambaye baba yake alivuka na injini ya watu
akabaki hukohuko,
aliacha kutafuna muwa.

Dakika ya hamsini na mbili, mkwaruzo.
Baharia angani, kati ya sitaha na maji,
mikono wazi, kinywa wazi,
rangi zikimdondoka vipande vipande.
Kila Jumamosi aliganda hapo.
Na kila Jumamosi Gwasa alimshusha kwingine:
mara mgongoni mwa singa,
mara Bangwe, kwa shangazi yake,
wakala ugali wa muhogo kwa mgebuka;
na mara moja, siku ambayo Minani hakuja,
hakumshusha. Alizima jenereta, akasema,
"Nendeni mkaoge."

Juzi nimeiona yote, kwenye simu ya binti yangu,
nyumbani Mwanga, umeme ukiwepo,
Kiingereza nikakielewa neno kwa neno.
Hakuna deni.
Mwanamke wa moshi ni mungu wa fujo tu,
anacheka kwa sababu anacheka.
Samaki anatokea mara moja, hana jina.
Baharia anaangukia kamba, kamba inamrudisha,
anapewa binti wa mfalme na fataki.
Gwasa hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji.

Hidaya akaniuliza kwa nini nimenuna.
Nikarudisha hadi dakika ya hamsini na mbili,
nikaweka kidole kwenye kioo, baharia akaganda,
mikono wazi.
"Baba yake," nikaanza, "alikopa upepo."
"Kwa nani?"
Gwasa hakuwahi kusema kwa nani.
Nje ilipita pikipiki na gunia la dagaa,
harufu ikaingia bila kiingilio.
"Kwa nani, mama?"
Nilikuwa bado nimeshika kioo.
Kidole kilianza kutoa jasho.